Mshipa Uliopotea Njia: Kasoro ya moyo anayozaliwa nayo mtoto, na namna ya kuigundua

Yako maradhi ya watoto ambayo kila mzazi anayajua kwa jina. Malaria, nimonia, surua na kuhara yana mabango yake ukutani katika zahanati zetu, na mama afikapo kliniki na mwanawe mgongoni huulizwa habari zake kabla hajaketi vizuri. Lakini yako mengine yasiyo na bango. Haya huwapata wachache mno, hujificha nyuma ya dalili za maradhi tuliyoyazoea, na kwa sababu hiyo huweza kuua bila hata ya kutajwa jina. Miongoni mwake ni kasoro za kuzaliwa nazo za mishipa inayoulisha moyo wenyewe.

Huenda ukajiuliza kwa nini ukurasa wa familia ushughulike na ugonjwa ambao wasomaji wengi hawatauona maishani mwao. Uchache wa ugonjwa haumpunguzii uzito yule aliyefikwa nao. Isitoshe, zile zilizo hatari miongoni mwa kasoro hizi zina tiba, mradi zigunduliwe mapema. Na ugunduzi huo, kabla haujafika kwenye mitambo mikubwa ya hospitali, huanzia kwa mtu mmoja aliyeona jambo dogo akalitilia maanani: mama anayenyonyesha, muuguzi wa zahanati, au mwalimu wa michezo shuleni.

MOYO NAO HULA

Moyo wa mtu mzima unakaribiana na ngumi yake kwa ukubwa, nao hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku moja. Mfanyakazi wa kiwandani ana zamu na siku ya mapumziko; moyo hauna. Misuli inayofanya kazi ya namna hiyo yahitaji chakula na hewa safi kila dakika.

Watu wengi hudhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu, hujilisha humo humo ndani. Sivyo. Damu iliyomo vyumbani mwa moyo hupita tu, kama ipitavyo mizigo katika mpaka wa Tunduma kuelekea Zambia na Kongo. Wakazi wa Tunduma hawali shaba wala hawanywi mafuta ya malori yanayopanga foleni barabarani mwao; chakula chao hukitafuta sokoni na mashambani, kama watu wengine wote. Vivyo hivyo, ukuta wa moyo hupata chakula chake kwa njia yake maalumu.

Njia hiyo ni mishipa miwili midogo, ambayo kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 3 au 4. Huchomoza kutoka katika mshipa mkuu wa damu uitwao aota, mara tu unapotoka moyoni. Mmoja hushika upande wa kulia, mwingine wa kushoto, na ule wa kushoto hugawanyika matawi mawili makubwa. Yote kwa pamoja huuzunguka moyo na kuuvika kama taji. Ndiyo sababu wataalamu wakaiita mishipa ya koronari, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Msomaji asichanganye jina hilo na virusi vya korona vilivyoitikisa dunia mwaka 2020. Virusi hivyo navyo vilipewa jina kwa umbo lao la taji, na undugu wao na mishipa hii unaishia hapo.

Maarifa haya si ya jana. Tabibu wa Kiarabu Ibn al-Nafis, aliyefariki mjini Cairo mwaka 1288, alikwisha kuandika kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyopenya mwilini mwake, wala haulishwi na damu iliyomo vyumbani mwake.

NJIA INAPOPOTEA

Mishipa hii hujengwa mtoto angali tumboni, katika majuma ya mwanzo ya mimba, wakati mama mwingine hajajua hata kama ni mjamzito. Mara chache ujenzi huo huenda kombo. Mshipa wa kushoto huweza kuchomoza upande wa kulia wa aota. Mtu huweza kuzaliwa na mshipa mmoja tu badala ya miwili. Mshipa huweza kutoboka na kumwaga damu yake ndani ya chumba cha moyo kabla haijafika kwenye misuli. Au tena, na hili ndilo baya kuliko yote kwa mtoto mchanga, mshipa wa kushoto huweza kuchomoza kutoka katika mshipa uendao mapafuni, ambako damu yake haina hewa safi.

Mwaka 1990 madaktari wa hospitali ya Cleveland Clinic huko Marekani walichapisha matokeo ya picha za mishipa ya moyo za wagonjwa 126,595. Kati yao, karibu watu 13 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro ya namna fulani. Lakini asiingiwe na hofu msomaji: karibu kasoro 8 katika kila 10 hazikuwa na madhara yoyote. Mtu aweza kuishi nayo, akalima, akazaa, akazeeka na kufa kwa jambo jingine kabisa. Hatari imo katika zile chache zilizobaki.

Yafaa tuseme hapa jambo moja waziwazi kwa ajili ya akina mama. Kasoro hizi kwa kawaida hutokea zenyewe katika ujenzi wa mwili, pasipo mtu kuonyesha chanzo. Si matokeo ya laana ya ukoo, wala mzozo wa ndoa, wala chakula fulani ambacho mama alikula au alikataa kula. Mama aliyejifungua mtoto wa namna hii hana deni kwa mtu yeyote, na jamaa wanaomnyooshea kidole humpotezea muda ambao mtoto wake hana.

MTOTO ATOKWAYE JASHO AKINYONYA

Mwaka 1933 madaktari watatu wa mjini Boston, Edward Bland, Paul Dudley White na Joseph Garland, walieleza habari za mtoto mchanga ambaye mshipa wake wa kushoto wa moyo ulitoka katika mshipa wa mapafu. Tangu hapo ugonjwa huo umebeba majina yao matatu. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 300,000 wanaozaliwa. Katika nchi yetu, ambamo huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, kadirio hilo lina maana ya watoto kama 6 au 7 kwa mwaka, nchi nzima. Muuguzi wa zahanati moja katika Kata ya Chitete, wilayani Momba, aweza kufanya kazi tangu ujana hadi kustaafu pasipo kumwona hata mmoja. Na aweza kumwona kesho asubuhi.

Ugonjwa wenyewe una hila. Mtoto huzaliwa akiwa mzuri wa kutazama, na uzito wake ni wa kuridhisha. Akiwa tumboni, msukumo wa damu katika mshipa wa mapafu ni mkubwa sawa na ule wa aota, hivyo moyo wake ulikuwa ukipata riziki yake kutoka huko bila ya taabu. Lakini baada ya kuzaliwa mapafu hufunguka, na katika majuma yanayofuata msukumo ule hushuka. Sasa mshipa wa kushoto haupati damu ya kutosha, na hiyo kidogo uipatayo haina hewa safi. Baadaye mambo huzidi kuwa mabaya: damu njema iletwayo na mshipa wa kulia, badala ya kulisha misuli ya kushoto, hurudi kinyumenyume na kumwagikia mapafuni. Ni kama bomba la mtaa ambalo jirani wa bondeni amelikata chini. Maji yote hukimbilia kwake, na ndoo za wa juu zikabaki tupu.

Hapo mtoto huwa na umri wa miezi miwili hivi. Kunyonya, ambako kwetu sisi huonekana ni starehe tu, ndiyo kazi nzito kuliko zote katika maisha ya mtoto mchanga. Ndiyo mbio zake, ndiyo kulima kwake. Basi ni wakati wa kunyonya ndipo moyo wenye njaa hulalamika. Mtoto huanza vizuri, kisha huacha ziwa ghafla na kulia kwa uchungu. Huwa mweupe midomoni. Hutokwa na jasho jembamba kichwani na usoni, hata kama hali ya hewa ni ya baridi. Hupumua upesi upesi. Hutulia, hujaribu tena, na tena huacha. Uzito hauongezeki, na mstari katika kadi ya kliniki hulala chini badala ya kupanda.

Fikiria sasa mambo yanayoweza kutokea. Mama huambiwa na majirani kwamba mtoto ana mchango, na akapewa dawa za mizizi. Akienda kutibiwa, pumzi za upesi hufanana na nimonia, naye hupewa dawa ya nimonia. Lawama kwa mganga wa zahanati hapa haifai, kwa maana nimonia ni ya kila siku na ugonjwa huu ni wa nadra. Mtu mwenye akili hufikiria kwanza lililo la kawaida. Kosa huanza pale dawa ya nimonia inapomalizika, mtoto asipone, naye akapewa dawa ile ile kwa mara ya pili na ya tatu, bila ya mtu kuuliza habari za moyo. Maana pasipo kupasuliwa, watoto wapatao 9 katika kila 10 wenye ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Na iko habari njema. Daktari wa upasuaji aweza kuukata mshipa huo pale ulipopotea na kuupandikiza katika aota, mahali pake pa haki. Misuli ya moyo wa mtoto ina uhai wa ajabu. Sehemu kubwa ya ile iliyoonekana kama imekufa huwa imelala tu kwa njaa, na ikipata damu huamka. Moyo uliokuwa umetanuka kama mfuko huweza kurejea umbo lake baada ya miezi kadhaa.

KIJANA AANGUKAYE UWANJANI

Kasoro ya pili iliyo hatari haimsumbui mtoto mchanga. Humngojea kijana. Hapa mshipa huchomoza kutoka katika aota kama inavyotakiwa, ila upande usio wake, kisha hulazimika kupenya katikati ya aota na mshipa wa mapafu ili ufike unakokwenda. Mtu aliyepata kupita kwa miguu baina ya malori mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu pale Tunduma atafahamu mara moja. Malori yakiwa yamesimama, mtu hupita. Yakianza kusogeleana, hapana njia. Kijana akiwa amepumzika, damu hupita. Akikimbia, mishipa mikubwa hutanuka kwa nguvu ya damu, na ule mdogo ukabanwa wakati ule ule moyo unapouhitaji zaidi.

Matokeo yake ni kifo cha ghafla uwanjani. Mwaka 2000 watafiti wa Italia na Marekani walieleza habari za vijana 27 wanamichezo waliokufa kwa kasoro hii. Wote walikufa wakiwa mazoezini au mchezoni, au muda mfupi tu baada ya hapo. Zaidi ya nusu hawakuwahi kuonyesha dalili yoyote. Lakini 10 kati yao walikuwa wamepata kuzimia au kuumwa kifua kabla ya siku yao ya mwisho. Na hili ndilo la kutia wasiwasi: kila aliyekuwa amepimwa umeme wa moyo miongoni mwao alionekana mzima.

Yuko mwingine aliyeushangaza ulimwengu. Pete Maravich wa Marekani alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa kwa misimu 10, hadi mwaka 1980, akahesabiwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa nchi hiyo. Tarehe 5 Januari 1988, akiwa na umri wa miaka 40, alianguka na kufa katika mchezo wa kujifurahisha tu huko Pasadena, California. Madaktari walipoufungua mwili wake waligundua kwamba alizaliwa bila ya mshipa wa kushoto wa moyo. Maisha yake yote, pamoja na mbio zote zile, yalibebwa na mshipa mmoja wa kulia.

Hapana budi tuongeze kwamba si kila aangukaye uwanjani ana kasoro hii. Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika mchezo dhidi ya Kolombia, alikutwa na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, ambao ni jambo jingine. Kwa mzazi na mwalimu, hata hivyo, onyo ni moja: kijana anayezimia au kubanwa kifua wakati anakimbia asirudishwe uwanjani mpaka daktari awe ameuchunguza moyo wake.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Kila mmoja anajua maneno yanayosemwa mchezaji anapoanguka pasipo kugongwa na mtu: amerogwa, timu ya pili imefukia kitu golini. Maneno hayo yana madhara makubwa kuliko porojo. Kijana aliyezimia mara ya kwanza akapelekwa kuaguliwa, akazinduka na kuambiwa amepona, atarudi uwanjani Jumamosi inayofuata na moyo ule ule na mshipa ule ule uliobanwa. Wala si wachezaji tu. Vijana wabebao magunia mpakani, na wale wapandao vilima vya Mbozi na mizigo ya kahawa, nao hufanya kazi inayousukuma moyo kama mbio.

VIPIMO NA MASHUJAA WAKE

Je, daktari hugunduaje mshipa ulio mwembamba kama kijiti, tena uliofichika ndani ya kifua? Hatua ya kwanza haina gharama: ni kumsikiliza mama, kumtazama mtoto akinyonya, na kuuweka mpira wa masikioni kifuani. Mtoto mwenye ugonjwa wa Boston aghalabu huwa na mvumo moyoni, kwa sababu mlango wa upande wa kushoto umelegea na kuvujisha damu. Ini pia huweza kuvimba.

Hatua ya pili ni picha ya eksirei, ambayo huonyesha moyo uliotanuka. Mtoto anayedhaniwa ana nimonia, kumbe moyo wake umeenea nusu ya kifua, huwa amekwisha kujieleza. Hatua ya tatu ni kipimo cha umeme wa moyo. Kwa mtoto huyu mchanga, kipimo hiki huchora alama zinazofanana na zile za mzee aliyepatwa na shambulio la moyo. Daktari aonaye alama hizo kwa mtoto wa miezi miwili hana haki ya kulala kabla ya kupata maelezo.

Hatua ya nne ndiyo kipimo cha eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kama wanavyotazamwa watoto tumboni mwa mama zao. Njia hii ilianzishwa na Inge Edler na Hellmuth Hertz mjini Lund, Sweden, mwaka 1953. Haina maumivu wala mionzi. Mtaalamu mwenye jicho lililozoea huweza kuona mshipa unakoanzia, na kwa rangi za mtambo huona damu ikirudi kinyumenyume. Lakini nasisitiza neno jicho lililozoea. Mtu asiyetafuta chanzo cha mishipa ataona tu moyo uliotanuka, ataandika kwamba misuli ni dhaifu, na mtoto atapewa vidonge maisha yake yote, wakati dawa yake ni kisu. Kwa hiyo kila mtoto mchanga anayeambiwa moyo wake umetanuka yafaa aulizwe swali moja la ziada: je, mishipa yake ya moyo imeonekana inakoanzia?

Kwa kijana, pale eko isipotosha, hutumika picha za mtambo wa CT, ambao huuchora moyo pande zote na kuonyesha mshipa ulikopita, ikiwa ni pamoja na kubanwa kwake kati ya mishipa mikubwa.

Na hatua ya mwisho ni kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, kisha kumimina dawa inayoonekana katika eksirei. Njia hii iligharimu ushujaa. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipenyezea mpira mkononi mwake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakumpongeza. Pongezi zilikuja mwaka 1956 kwa Tuzo ya Nobel, aliyoshirikiana na wenzake wawili. Naye Mason Sones wa Cleveland, tarehe 30 Oktoba 1958, alikuwa akipiga picha ya aota ya mgonjwa wakati dawa ilipoingia kwa bahati mbaya katika mshipa mdogo wa kulia wa moyo. Wakati huo iliaminika kwamba jambo hilo lingeua. Moyo wa mgonjwa ulisimama kitambo. Sones akampigia kelele akohoe, akakohoa, na moyo ukaendelea. Kutoka katika bahati mbaya hiyo ilizaliwa njia inayotumika duniani kote kuipiga picha mishipa ya koronari.

KUTOKA CHITETE

Tuyalete sasa mambo haya nyumbani. Chitete ndiko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa huo watu zaidi ya milioni 1.3. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnafanya kazi mijini, lakini shangazi, dada na wakwe wapo katika sehemu za namna hiyo, na simu ikilia usiku ni ninyi mnaoulizwa la kufanya.

Njia ya mgonjwa wa moyo kutoka huko ni ngazi: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa huko Vwawa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, na mwisho Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900 za barabara. Kwa mtoto ambaye moyo wake unachoka kila anyonyapo, kila ngazi anayokalishwa bila ya sababu ni siku anayopoteza.

Hata hivyo, tusisahau tulikotoka. Kabla ya mwaka 2008 Mtanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo alingoja kupelekwa ng'ambo, hasa India, na wengi walingoja mpaka wakafa. Mwaka huo upasuaji wa kuufungua moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo yenye mtambo wa kupiga picha mishipa ya moyo. Wataalamu wake pia huwafuata wagonjwa mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Tangazo la kuja kwao likisikika, mzazi mwenye shaka asingoje.

Yako pia mapengo ambayo ni haki kuyataja. Usafiri wa dharura unaopatikana kwa kupiga namba 115 umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ugonjwa wetu huu hujitokeza mara nyingi baada ya uchanga kupita. Sera ya msamaha kwa watoto wa chini ya miaka 5 husaidia matibabu katika vituo vya serikali, lakini nauli ya mama, chakula chake na mahali pa kulala mjini havimo. Hapa ndipo ukoo, jumuiya na chama cha akiba na mikopo kazini vinapopaswa kuonyesha maana yake. Mchango wa arusi hukusanywa kwa juma moja. Mchango wa moyo wa mtoto usikusanywe kwa miezi sita.

LA KUFANYA NYUMBANI

Mzazi hatakiwi kuwa daktari. Atakiwa kuwa shahidi mwema. Mtoto akiacha ziwa mara kwa mara huku akilia, akatokwa na jasho na kupumua upesi, na uzito wake usiongezeke, mpeleke na umweleze mganga mambo hayo kwa utaratibu: yalianza lini, hutokea akinyonya au akilala, huchukua muda gani. Kama una simu yenye kamera, mpige picha ya mwendo akiwa ananyonya. Picha ya dakika moja yaweza kumwambia daktari zaidi ya maneno ya saa nzima. Beba kadi ya kliniki. Na ikiwa ametibiwa nimonia mara mbili bila ya kupona, uliza kwa adabu, bila ya ugomvi: je, moyo wake umepimwa?

Kwa kijana, jambo la kukumbuka ni wakati. Kuzimia kwa kusimama juani kwenye gwaride, au kwa kuona damu, mara nyingi ni jambo jepesi. Kuzimia katikati ya mbio si jepesi hata kidogo. Kijana huyo asimame kucheza, apewe rufaa, na cheti cha kipimo cha umeme kinachosema yu mzima kisichukuliwe kuwa neno la mwisho. Ikiwa katika ukoo yuko aliyekufa ghafla akiwa kijana, daktari aambiwe.

Na ikitokea mtu akaanguka mbele yako, hajibu wala hapumui sawasawa, usimmwagie maji wala usimzungushie umati. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, na ukandamize kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au 6 kwa mtu mzima na kirudi. Ukichoka, mwenzako apokee. Usiache mpaka azinduke au msaada ufike. Kazi hiyo yaweza kufanywa na kondakta, mwalimu, mama ntilie au refa, na haihitaji cheti.

Basi leo, kabla hujalikunja gazeti hili, mpigie simu ndugu yako mwenye mtoto mchanga, awe Chitete, Tunduma au Temeke, umwulize swali moja rahisi: mtoto ananyonyaje?